Timu Ikifungwa, Mwalimu Afukuzwe?

Msimu wa Ligi Kuu wa 2024/25 ulikuwa mchungu kwetu sisi wa Kagera. Kagera Sugar, timu iliyokuwa Ligi Kuu tangu katikati ya miaka ya 2000, ilishuka daraja pamoja na KenGold ya Mbeya. Katika msimu huo mmoja timu ilipita mikononi mwa walimu watatu. Alianza Paul Nkata kutoka Uganda, akapokea Mmarekani Melis Medo, na mwishoni akakabidhiwa Juma Kaseja, yule yule golikipa wa miaka mingi wa Simba, Yanga na Taifa Stars. Na miezi yote hiyo, huku kwetu Kitendaguro na kule mjini Bukoba, hoja ya washabiki ilikuwa moja tu: nani apewe timu?

Sina ugomvi na watu wanaobishana. Sisi Wahaya wenzetu wametupa jina la nshomile, yaani watu waliosoma na wanaotaka kila mtu ajue kuwa wamesoma, na mtu akitaka kuthibitisha jina hilo aje kijiweni siku ambayo timu imefungwa nyumbani. Atakuta wazee wanatafuna punje zao za kahawa ya kuchemshwa, vijana wa bodaboda wamezima pikipiki, na kila mmoja ana mwalimu wake mfukoni. Kambi ya kwanza ilisema arudishwe Mecky Mexime, kwa sababu yeye ndiye aliyetupa raha. Kambi ya pili ilitaka mgeni, tena mzungu ikiwezekana, kwa hoja kwamba mwalimu mzawa huzoeana mno na wachezaji mpaka wakamdharau. Kambi ya tatu ilitaka mtu wa nyumbani, anayeujua mkoa na anayejua uchungu wa kufungwa Kaitaba. Ya nne ilisema Kaseja anatosha, aachwe afanye kazi.

Hoja zote hizo nimezisikiliza, na zote zina chembe ya ukweli. Lakini zote zinalichukulia jambo moja kuwa limekwisha thibitishwa, nalo halijathibitishwa hata kidogo: kwamba timu yetu ilikuwa inafungwa kwa sababu ya mwalimu. Leo ningependa tulitazame jambo hilo polepole. Mwalimu wa timu anaweza nini, na hawezi nini?

Tuanze na Mexime, maana ndiye jina linalotajwa zaidi. Huyu bwana alikuwa beki na nahodha wa Mtibwa Sugar, akaichezea pia Taifa Stars, kisha akawa mwalimu wa Mtibwa hiyo hiyo. Alikuja Kagera Sugar mwaka 2016. Msimu wake wa kwanza, wa 2016/17, timu ilimaliza ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba na mbele ya Azam yenye fedha zake. Mkoa ulikuwa umetoka kupigwa na tetemeko la Septemba 10, 2016, nyumba zimeanguka, watu wamelala nje, na timu ikatupa kitu cha kuzungumza kando ya msiba. Msimu uliofuata, Mei 19, 2018, Kagera Sugar ikaenda Uwanja wa Taifa siku ambayo Simba walikuwa wanakabidhiwa kombe na Rais John Magufuli. Simba hawakuwa wamepoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu mzima. Edward Christopher akafunga, Kaseja akapangua penalti ya Emmanuel Okwi, na matokeo yakawa 1-0. Nani atasahau?

Sasa ongeza mwaka mmoja tu. Msimu wa 2018/19, mwalimu ni huyo huyo, jezi ni zile zile, uwanja ni ule ule wa Kaitaba. Timu ikaponea chupuchupu, ikalazimika kucheza na Pamba ya Mwanza mechi za mchujo ili isishuke. Basi niwaulize wale wa kambi ya kwanza: Mexime aliyemaliza wa tatu mwaka 2017 na Mexime aliyenusurika kwa mchujo mwaka 2019 ni watu wawili? Alisahau kufundisha katika miezi 24?

Hakusahau. Kilichobadilika ni watu waliokuwa uwanjani. Mshambuliaji Mbaraka Yusuph, aliyewatia hofu mabeki wa ligi nzima msimu ule wa 2016/17, alichukuliwa na Azam mwaka 2017. Hivyo ndivyo ilivyo kwa timu ya mkoani: ukimaliza wa tatu unawaonyesha wenye fedha mahali pa kununua. Mwalimu anabaki na sifa, lakini mchezaji aliyempa sifa hiyo amepanda basi la Dar es Salaam. Msimu unaofuata watu wanamdai mwalimu matokeo yale yale kwa kikosi ambacho si kile.

Mapema mwaka 2021 Mexime akaondolewa, akaja Francis Baraza kutoka Kenya. Mwishoni mwa 2022 Baraza naye akaondoka, na aliyerudishwa ni nani? Mexime. Mwaka mmoja baadaye akaondoka tena, na mwanzoni mwa 2024 timu akakabidhiwa Fred Felix Minziro. Kisha Nkata, kisha Medo, kisha Kaseja. Hesabu wewe mwenyewe ni mabadiliko mangapi kati ya mwanzo wa 2021 na katikati ya 2025. Tulijaribu mzawa, tukajaribu jirani wa Kenya na jirani wa Uganda, tukajaribu Mmarekani, tukamrudisha wa zamani, tukampa mchezaji wetu wa zamani. Kambi zote nne za kijiweni, kwa namna moja au nyingine, zilipata walichokitaka. Na timu ikashuka.

Labda mtu ataniambia kwamba kubadili walimu watatu katika msimu mmoja ndiko kulikotuua, kwamba timu haiwezi kusimama kwa fujo ya namna hiyo. Ni hoja ya kawaida, nami nusu naikubali. Lakini hebu tuwatazame Yanga katika msimu huo huo wa 2024/25. Walianza na Miguel Gamondi wa Argentina, aliyekuwa amewapa ubingwa msimu uliotangulia. Novemba 2024 wakafungwa na Azam 1-0, kisha na Tabora United 3-1, na Gamondi akaonyeshwa mlango. Akaja Sead Ramovic, akakaa miezi isiyotimia mitatu, Februari 2025 akaondoka kwenda Algeria kuifundisha CR Belouizdad. Akaja Miloud Hamdi. Walimu watatu katika msimu mmoja, sawasawa na sisi. Yanga wakamaliza na pointi 82 na kombe mkononi.

Wagonjwa wawili walipewa dawa moja, tena kwa kipimo kile kile. Mmoja alibeba kombe na mwingine alishuka daraja. Mwenye akili atasema basi si dawa iliyoamua. Yanga walikuwa na kikosi ambacho hata kikifundishwa na mtu aliyeshuka kwenye ndege jana, kinajua la kufanya na mpira. Sisi tulikuwa na kikosi cha kuhangaika, na mwalimu gani angekikuta angehangaika nacho.

Sasa kwa nini imani hii ya mwalimu mpya haifi? Hapa nadhani kuna jambo la kueleza vizuri, maana si ujinga wa mashabiki wa Bukoba peke yao. Dunia nzima iko hivyo. Timu hufukuza mwalimu lini? Hufukuza ikiwa chini kabisa: imefungwa mechi nne au tano mfululizo, mpira umegonga mwamba, mwamuzi amekataa bao halali, beki wa kati anaumwa. Mambo mabaya yote yamekutana. Lakini mambo mabaya hayakai pamoja milele. Mwamba hauwezi kukataa kila wiki, na beki anapona. Kwa hiyo timu iliyofika chini kabisa mara nyingi itapanda kidogo hata usipoifanyia lolote. Ukiwa umebadili mwalimu siku ile ya chini kabisa, utasema mwalimu mpya ndiye aliyeipandisha. Ni kama mtu mwenye mafua anayekwenda kwa mganga siku ya tano, siku ambayo kichwa kinagonga kuliko siku zote. Siku ya saba anaamka mzima na anamsifu mganga. Mafua yenyewe huisha siku ya saba.

Kuna mchumi mmoja wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliyelipima jambo hili na kuchapisha matokeo yake mwaka 2011. Alichukua ligi ya nchi yake kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, akazitafuta timu zilizofukuza walimu baada ya kuporomoka. Kisha, na hapa ndipo kwenye ufundi wake, akazitafuta pia timu zilizoporomoka vivyo hivyo lakini hazikumfukuza mtu. Akazilinganisha. Zile zilizofukuza zilipata nafuu, ni kweli. Lakini na zile ambazo hazikufukuza zilipata nafuu pia, karibu sawa. Zilizofukuza zilikuwa zimelipa gharama ya kuvunja mkataba na kuajiri upya kwa kitu ambacho wenzao walikipata bure.

Mtu asinielewe vibaya nikaambiwa kesho barabarani kwamba nimesema mwalimu hana kazi. Ana kazi, tena kubwa. Yeye ndiye anayewafundisha mabeki wasimame mstari mmoja, anayeamua kwamba leo tunakaba katikati au tunamsubiri adui kwetu, anayejua kwamba kijana fulani akizomewa anazama na mwingine akizomewa ndipo anapoamka. Kikosi kile kile, mwalimu mzuri atakipandisha nafasi tatu au nne juu ya mahali pake, na mbaya atakishusha kiasi hicho hicho. Timu ya mkoani ikimaliza ya tatu, kama mwaka 2017, hapo mwalimu amefanya kazi ya kuonekana. Lakini anachofanya ni kuzidisha kilichopo. Ukimpa sita anaweza kuifanya ikawa nane. Ukimpa mbili, atajitahidi, itakuwa tatu, na tatu inashuka daraja.

Tena afanye kazi hiyo lini? Ramani ya nchi hii haituhurumii. Kutoka Bukoba mpaka Dar es Salaam kwa barabara ni kilometa zipatazo 1,400, na Dar si mwisho wa safari. Namungo wako Ruangwa, mkoani Lindi. Tanzania Prisons wako Mbeya, Coastal Union wako Tanga, Mashujaa wako Kigoma. Timu ya Dar es Salaam inacheza mechi nyingi bila kulala nje ya jiji, na wachezaji wake wanalala vitandani mwao. Timu ya Bukoba ikitoka, imetoka. Ukicheza Jumamosi, ukapumzika Jumapili, ukapanda gari Jumatatu na Jumanne, ukafika na miguu imevimba, mwalimu anabakiwa na siku mbili tatu za mazoezi kabla ya mchezo mwingine. Ligi yenye timu 16 ina mechi 30, na 15 kati ya hizo kwetu ni za safari. Mwalimu anayeletwa katikati ya msimu tunamtaka abadili mfumo, ajue majina, ajenge nidhamu na kuokoa timu, na darasa lake kubwa ni kiti cha basi.

Halafu kuna usajili, na hapa ndipo ningependa hoja yetu ihamie. Mchezaji wa Ligi Kuu hasajiliwi siku yoyote. Kuna dirisha kubwa kabla ya msimu kuanza, na kuna dirisha dogo katikati ya msimu. Dirisha likifungwa, limefungwa. Mwalimu akiajiriwa baada ya dirisha kubwa kufungwa, amerithi watoto wa ndoa nyingine. Hakuwachagua, hajui kwa nini walichaguliwa, na hawezi kuwabadili mpaka dirisha dogo, ambalo nalo soko lake ni la mabaki, maana timu gani iliyo na mshambuliaji mzuri itamuuza katikati ya ligi? Katika klabu nyingi za nchi hii anayeamua usajili ni kamati, au kiongozi mwenye simu ya wakala, na mwalimu huulizwa baadaye kama adabu tu. Kisha kikosi kikishindwa, kamati ile ile iliyosajili ndiyo inayokaa kumhukumu mwalimu. Nani amewahi kusikia kamati ya usajili imefukuzwa kwa kufungwa mechi tano?

Nitatoa mfano wa mbali kidogo, wa mchezo mwingine, kwa sababu huko jambo hili limewekwa wazi kuliko kwetu. Marekani vyuo vikuu vina timu za mpira wa kikapu zinazopendwa kama Simba na Yanga, na watu huko nao hukesha wakibishana juu ya mwalimu. Tofauti ni kwamba mwalimu wa chuo ndiye msajili. Yeye mwenyewe huzunguka katika shule za sekondari, hukaa sebuleni na wazazi wa kijana wa miaka 17, akawaomba wampe mtoto wao. Kikosi kikiwa kibovu, ni chake kweli, na lawama inampata mwenye kazi. Mwaka 1980 chuo cha Duke, katika jimbo la North Carolina, kilimwajiri kijana mmoja anayeitwa Mike Krzyzewski. Msimu wake wa pili alishinda mechi 10 na kupoteza 17. Wa tatu alishinda 11, akapoteza 17 tena. Mashabiki na wafadhili wa chuo walitaka aondoke. Mkuu wa michezo wa chuo, Tom Butters, badala ya kumfukuza akamwongezea mkataba. Mwaka 1991 Krzyzewski akatwaa ubingwa wa taifa, na mpaka anastaafu mwaka 2022 alikuwa ameutwaa mara tano.

Simtaji Krzyzewski ili niseme kila mwalimu anayefungwa avumiliwe miaka 11. Wapo wanaofungwa kwa sababu hawajui kazi, na hao wakiongezewa mkataba watafungwa kwa mkataba mrefu zaidi. Ninachotaka tukione ni hiki: yule alipewa vitu viwili pamoja, muda na haki ya kuchagua watu wake. Kimoja bila kingine hakisaidii. Mwalimu mwenye muda lakini asiye na sauti katika usajili atazeeka na kikosi cha watu wengine. Mwenye sauti lakini asiye na muda atasajili wachezaji ambao mrithi wake hatawataka.

Hapa nyumbani mfano wa karibu ni Nasreddine Nabi. Alifika Yanga Aprili 2021, na msimu ule Simba wakachukua ubingwa, kisha Julai wakamfunga Nabi fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi, kule Kigoma. Kelele zilikuwepo. Lakini hakuondolewa, na katika dirisha la mwaka huo wakaja Djigui Diarra, Khalid Aucho na Fiston Mayele. Nabi akachukua ubingwa mwaka 2022, akauchukua tena 2023, na mwaka huo huo akaifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Watu wanamtaja Nabi. Wanaomtaja Nabi bila kumtaja Mayele wanasimulia nusu ya hadithi.

Mzee mmoja hapa Kitendaguro, mtu wa makamo ya baba yangu na mshabiki tangu enzi za RTC Kagera, nilipomweleza mambo haya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa upole: "Mwanangu, unayosema ni kweli. Lakini wachezaji wako thelathini, wengine hata majina hatuyajui, na wakubwa wanaosajili hatuwaoni. Mwalimu ni mmoja, anasimama pale mbele yetu dakika tisini. Tumlilie nani?" Sikuwa na jibu la haraka. Na kweli hapo ndipo palipo na siri ya ubishi wote huu. Mwalimu anaonekana. Ana jina, ana sura, anahojiwa redioni baada ya mchezo huku jasho halijakauka. Kumfukuza yeye ni rahisi kuliko kufukuza wachezaji kumi, na uongozi nao unajua hivyo. Siku mwalimu anapoondoka kelele za jukwaani zinahamia kwa jina jipya, na ofisi inapata wiki sita za kupumua.

Nasi kelele zetu zina thamani, tusizitupe ovyo. Kumbukeni kwamba Kagera Sugar si klabu ya wanachama kama Simba na Yanga. Ni timu ya kampuni ya sukari, yenye kiwanda na mashamba yake kule Missenyi. Mshabiki wa Bukoba hana kadi, hana mkutano mkuu, hana kura. Ana tiketi yake na mdomo wake tu. Na anachopoteza timu ikishuka si furaha peke yake. Siku Simba au Yanga wanapokuja Kaitaba, vitanda vya nyumba za wageni vinajaa, mama lishe wanapika sufuria mbili badala ya moja, muuza senene anamaliza ndoo yake kabla ya kipindi cha pili. Mkataba wa televisheni ambao TFF ilitia saini na Azam Media mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, ni fedha ya Ligi Kuu. Ukishuka unaziacha mlangoni. Na kijana wa Kitendaguro anayepiga mpira jioni alikuwa na timu ya Ligi Kuu ambayo angeweza kwenda kufanyiwa majaribio na kurudi nyumbani kula.

Kushuka si kaburi, hilo pia tukumbuke. Mtibwa Sugar, ndugu zetu wa kiwanda cha Morogoro, mabingwa wa mwaka 1999 na 2000, walishuka mwaka 2024, na mwaka 2025, wakati sisi tunashuka, wao walikuwa wanapanda.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kijiweni, timu yenu ikiyumba na jina jipya likitangazwa, kabla hamjagawanyika kambi nne, kuna maswali ambayo mwandishi yeyote wa michezo wa hapa mkoani anaweza kumuuliza kiongozi kwa niaba yenu, na kiongozi akajibu bila kuvunja siri ya mtu. Mwalimu huyu ana mkataba wa muda gani? Ameajiriwa kabla ya dirisha au baada? Orodha ya wachezaji wa kusajiliwa ameiandika nani, na yeye ameikataa mara ngapi? Mchezaji bora wa msimu uliopita yuko wapi, na fedha iliyopatikana kwa kuuzwa kwake imenunua nani? Timu ya vijana inafundishwa na nani, na wangapi kati yao wamepandishwa? Mkishapata majibu hayo ndipo mkae, mchemshe kahawa, mbishane kama ni Mexime, ni Kaseja au ni mzungu. Nami nitakuja, maana nina jina langu mfukoni kama kila mtu.